Disleksia na Watoto wa Miungu: Faraja ya Riwaya na Ukweli wa Maandishi



Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la utabibu habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mwerevu, hesabu hazikumshinda, na macho yake yalikuwa mazima. Lakini kusoma kulimshinda, na hata jina lake alivuruga herufi zake alipoliandika. Mwalimu wake alikiri kwamba, lau masomo yote yangetolewa kwa mdomo, kijana huyo angewapita wenziwe wote shuleni.

Mwaka 2005 Rick Riordan wa Marekani alichapisha riwaya ya *The Lightning Thief*, ambayo shujaa wake ni Percy mwingine, wa kubuni. Huyu naye herufi humwelea machoni, na shule moja baada ya nyingine humfukuza. Kisha anafunuliwa siri: baba yake ni Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, na ubongo wake uliumbwa kusoma Kigiriki cha kale. Riordan, aliyekuwa mwalimu, alianza kumsimulia kisa hiki mwanawe mwenye disleksia. Kilichoitwa kasoro darasani, hadithini kikawa alama ya nasaba.

Tukiipima dhana hiyo kwa mizani ya isimu, haisimami. Maandishi yana umri wa miaka 5,000 hivi. Hakuna azaliwaye na alfabeti kichwani. Kigiriki nacho huandikwa kwa herufi ziwakilishazo sauti, na kuoanisha herufi na sauti ndiko kunakomtatiza mwenye disleksia. Angejikwaa hata katika Athens ya kale.

Hata hivyo, ni kweli kwamba lugha isomwayo huleta tofauti. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walilinganisha wasomaji wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao tahajia yao hufuata matamshi, walisoma kwa usahihi zaidi. Lakini katika ubongo wa wote ulionekana upungufu uleule.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Kiswahili, kwani tahajia yetu nayo hufuata matamshi. Mwanafunzi wetu mwenye disleksia huenda asikosee sana. Atasoma taratibu, silabi kwa silabi, na afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake umekwisha kumtoka. Kwa kuwa hakukosea, ataitwa mvivu.

Riwaya ya Riordan imewaondolea aibu wasomaji wadogo, na hilo si haba. Lakini heshima inayowapa ina sharti: mtoto awe wa mungu. Percy wa mwaka 1896 hakuwa na mzazi mbinguni Olympus. Alikuwa na mwalimu aliyejua kumsikiliza. Nanyi mtakaoingia madarasani kesho, mkimkuta asomaye taratibu, muulizeni kwanza kwa mdomo, ndipo mmpime.