Kabla ya Kununua Kabureta Mpya: Mazungumzo na Wenye Boti



Gari likizimika njiani, dereva hulisukuma kando akashuka. Boti ikizimika baharini, hakuna kando ya kuisukumia. Ndiyo maana leo tumependa kuzungumza nanyi juu ya kifaa kinacholaumiwa mno katika boti kuukuu zenye injini ya ndani ya petroli, nacho ni kabureta. Wenye injini za dizeli wafahamu mapema kwamba injini zao hazina kifaa hicho. Fundi akiwatoza fedha za kukitengeneza, wasilipe.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo. Petroli huingia kwanza katika bakuli dogo lenye boya ndani yake. Bakuli likijaa, boya huinuka na kuisukuma sindano izibe njia. Kutoka bakulini petroli hupita katika vitundu vyembamba viitwavyo jeti, ikakutana na hewa inayovutwa na injini. Matatizo mengi ya kabureta hutokana na mambo mawili: vitundu vimeziba, au sindano haizibi.

Tuanze na usalama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Katika gari hushuka barabarani na kupeperushwa. Katika boti hutuama ngamani, na cheche moja yatosha kuulipua. Basi kabla ya kazi yoyote, iacheni injini ipoe, fungueni vifuniko, mkanuse ngamani. Mkisikia harufu ya petroli, msibonyeze swichi yoyote. Washusheni watu, acheni hewa ipite, kisha tafuteni panapovuja. Wakati wa kazi, ondoeni waya wa betri, pasiwe na sigara wala jiko karibu, na kizima moto kiwe mkononi. Kazi ikiisha na harufu ikiwa haipo, washeni feni ya kutoa mvuke kwa muda usiopungua dakika 4 ndipo mwashe injini.

Pili, msihukumu kabureta kabla ya kuyachunguza mafuta. Toeni petroli kidogo kutoka kwenye chujio, muitie katika chupa safi ya kioo, muiache itulie. Maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, yataonekana chini ya chupa. Petroli iliyokaa miezi mingi tangini hugeuka rangi, hutoa harufu kama ya vanishi, na huacha utando unaoziba jeti. Injini ikienda vizuri kwa muda kisha ikafa polepole, huenda tundu la kupumulia la tangi limeziba. Legezeni kifuniko cha tangi kidogo, mahali penye hewa; injini ikirudi katika hali yake, kosa ni la tundu hilo, wala si la kabureta. Angalieni pia plagi na nyaya zake, kwa maana umeme dhaifu huleta dalili zinazofanana na za mafuta.

Tatu, mambo hayo yote yakiwa sawa, someni dalili za kabureta yenyewe. Injini inayokwenda tu choki ikiwa imefungwa inakosa petroli: ama jeti zimeziba, ama hewa inaingia kwenye gasketi iliyochakaa. Injini inayotoa moshi mweusi na kuzipaka plagi masizi inapata petroli kupita kiasi: ama sindano imelika au imekwama kwa uchafu, ama boya limetoboka. Litikiseni boya karibu na sikio. Mkisikia petroli ikicheza ndani, halifai tena. Katika kusafisha, msichokoe jeti kwa waya, kwani tundu likipanuka hata kidogo kipimo kimeharibika. Tumieni dawa ya kusafishia kabureta na hewa ya pampu, nanyi mkinge macho.

Mara nyingi seti ya gasketi na sindano pamoja na usafi hutosha, na bei yake ni ndogo kuliko ya kabureta nzima. Mwombeni fundi awaandikie gharama kabla hajaanza, awarudishie vipuri vya zamani, na aijaribu injini majini mbele yenu.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtu aweza kuwashawishi mfunge kabureta ya gari, kwa kuwa inafanana na ya boti na ni rahisi. Kataeni. Kabureta ya boti imeundwa ili petroli inayofurika imiminike ndani ya koo la injini; ile ya gari yaweza kuimwaga nje, nayo ikaishia ngamani. Vivyo hivyo, msikubali injini iwashwe bila kile kifuniko cha chuma kilicho juu ya kabureta, kinachozuia mwako unaorudi nyuma usitoke nje. Marekani imekidai kisheria kwa injini za ndani za petroli zilizofungwa baada ya tarehe 25 Aprili 1940. Chujio la hewa la gari halishiki nafasi yake.

Ndugu zetu, rahisi ni ghali. Mwenye boti aliyeokoa fedha kidogo dukani huweka rehani chombo chake, na pamoja nacho watu waliomwamini wakapanda. Chunguzeni mafuta kwanza, tengenezeni kinachotengenezeka, na mkilazimika kununua, nunueni kilichoundwa kwa ajili ya boti.

Tunawatakia safari za salama.