Ukifunga Mtaa, Fungua Ghala



Ndugu zangu vijana, leo sikuja kubishana kama korona ilikuwa kweli au uongo. Ilikuwa kweli, na tulizika watu. Wala hatupingi karantini. Mtume wetu (s.a.w.) alishatufundisha zamani: tauni ikiingia mji, aliye nje asiingie na aliye ndani asitoke kuikimbia. Swali langu ni moja tu. Yule uliyemwambia asitoke, atakula nini?

Turudi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku chache baadaye Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Kisha tarehe 6 Mei, katikati ya Ramadhani, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa nazo zikawekewa vizuizi vyake, pamoja na masoko na mikahawa. Idi ikatukuta humo humo.

Sasa sikilizeni. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, kwa hivyo chakula kilikuwepo. Kilichokatika ni njia ya maskini kukifikia. Mvuvi anayevua usiku, kafyu ilimzuia. Asipovua, mama karanga hana samaki wa kukaanga. Hoteli zikafungwa, kijana aliyekuwa akiosha vyombo akarudi nyumbani mikono mitupu. Mama wa mahamri akakaa na beseni lake, wateja wa asubuhi hawaendi kazini. Mtu wa kibarua hana akiba ya mwezi, anachopata leo ndicho anachopika leo. Ukimfungia mlango, umefunika na sufuria yake.

Na njaa si tumbo tupu peke yake. Pesa zikipungua, vinavyotoka kwanza kwenye sahani ni samaki, maharagwe, maziwa na matunda. Inabaki sima na chai ya rangi. Mtoto anashiba, lakini mwili haujengeki. Shule nazo zilifungwa Machi, na wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Aliyekuwa akitegemea mlo wa mchana shuleni, aliukosa muda wote huo.

Haikuwa kwetu pekee. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2020 watu kati ya milioni 720 na milioni 811 duniani walikumbwa na njaa. Vita na ukame vilikuwepo, lakini korona ilizidisha.

Basi tujue haki yetu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa, na kupata chakula cha kutosha chenye ubora. Kwa hivyo pakiti ya unga yenye picha ya mwanasiasa si hisani. Ni deni. Na Sayyidna Umar (r.a.), njaa ilipoingia Madina katika Mwaka wa Ramada, hakuwaambia watu wavumilie tu. Aliwaandikia magavana wake walete chakula.

Naomba tufanye mambo matatu. Kwanza, kila mtaa uwe na orodha yake: wajane, wazee, wagonjwa, wenye watoto wadogo. Na asiye na kitambulisho asiachwe, njaa haiulizi kitambulisho. Pili, kaunti ikiita wananchi kutoa maoni ya bajeti, twendeni. Tuulize pesa za dharura ni ngapi, na ni ngapi za chakula. Tatu, siku ikitolewa amri nyingine ya kufunga mtaa, tudai siku hiyo hiyo kuambiwa nani ataleta chakula, kitapitia wapi, na mvuvi na mama mboga watapita saa ngapi.

Surat Quraysh imetaja chakula na amani pamoja. Basi asije mtu akatuambia tuchague kimoja.