Nguo Kuukuu si Aibu: Hotuba ya Katibu mbele ya Wanachama



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wasemaji walionitangulia wamekwisha kuzungumza juu ya bei, mizani, mbegu na dawa za wadudu. Wamesema vema, wala sina la kuongeza. Mimi nimeomba dakika chache niseme juu ya nguo. Nayo si nguo mpya, bali nguo kuukuu, na jinsi mkono wa mtu uwezavyo kuigeuza ikavaliwa tena kwa heshima. Nawaomba msicheke mpaka nitakapomaliza.

Sisi ni wakulima wa pamba. Twapanda mvua zianzapo, twapalilia, twanyunyiza dawa, twachuma, twatenga safi na chafu, kisha twaleta ghalani. Kiwandani mbegu hutengwa na nyuzi, na sehemu kubwa ya nyuzi za nchi yetu huuzwa ng'ambo. Huko husokotwa, hufumwa, hutiwa rangi, hushonwa na kuvaliwa. Na wenyewe wakishazichoka, nguo hizo hufungwa robota na kuletwa kwetu. Watu waliziita "kafa Ulaya", kana kwamba kila shati lina marehemu wake. Leo twaziita mitumba. Huenda pamba ya mmoja wenu imekwisha kuzunguka bahari na kumrudia mgongoni pasipo yeye kuitambua.

Msidhani kutengeneza nguo kuukuu ni kazi ya mafukara peke yao. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilianza kugawa nguo kwa kuponi mwaka 1941, na mgawo huo haukwisha mpaka mwaka 1949. Mwaka 1943 serikali yao ilitoa kijitabu cha kuwafundisha raia kutia viraka na kufanya nguo mpya kutokana na za zamani. Aliyevaa nguo yenye kiraka hakudharauliwa. Alihesabiwa kuwa raia mwema.

Nami nilikuwa mmoja wa waliodharau. Nilipochaguliwa kuingia kidato cha kwanza, bei ya pamba ilikuwa mbaya, na fedha yote ya baba ilikwenda katika karo. Shangazi yangu, aliyekuwa na cherehani ya mkono, alinunua shuka nyeupe ya mtumba akanishonea mashati mawili. Yalikuwa mashati mema. Lakini katika shati moja, chini ya bega, palikuwa na herufi za buluu zilizofumwa ndani ya kitambaa, alama ya hospitali fulani ya ng'ambo. Wenzangu waliziona, na tangu siku ile wakaniita "Mgonjwa". Kwa muda wa majuma matatu nilivaa sweta juani ili kuzificha. Hatimaye nilimrudishia shangazi shati lile, nikamwambia kwamba mwalimu amelikataa. Ulikuwa uongo.

Shangazi hakuniuliza neno. Alikaa na taa ya chemli, akafumua mgongo wote, akakata kipande chenye herufi, akaunga kingine mahali pake kwa mshono uliofanana na mshono wa bega wa mashati ya dukani. Asubuhi alinipa likiwa limepigwa pasi. Nililivaa mpaka kidato cha tatu. Shangazi amekwisha kufariki, na sikupata kumwambia kweli. Naisema leo mbele yenu.

Wala aibu yangu haikuishia hapo. Miaka mitatu iliyopita akina mama 14, wanachama wa Chama cha Msingi nilichokuwa nikikiandikia, waliomba kutumia ghala letu wakati lisipo na pamba, wapate kufundishana kushona. Mimi, niliyesomeshwa na cherehani, niliandika katika kumbukumbu za kikao: "Ombi halihusiani na zao." Wakaenda kushona barazani kwa mwenzao, mvua ikinyesha wakihamisha vyerehani.

Jambo lililonifumbua macho ni daftari langu la maombi ya mikopo. Kila mwezi wa Januari, shule zifunguliwapo, nilizoea kuona mistari mingi iliyoandikwa "sare za watoto". Januari iliyofuata nilitafuta majina ya wale akina mama 14. Sikuliona hata moja. Nikaenda kuwaangalia kazini, nami nawaeleza niliyoyaona.

Kwanza, huijua nguo kabla ya kuinunua. Huiinua juani ili waone mahali palipochakaa, maana jua halisitiri. Huchomoa uzi mmoja kutoka katika pindo na kuuchoma. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa punje ngumu. Ni ajabu kwamba sisi wenye pamba twapaswa kukumbushwa namna ya kuitambua!

Pili, huifua kwa maji ya moto na kuipiga pasi kabla ya mkasi kuigusa, ili kama ni ya kunywea inywee mapema.

Tatu, hufumua, hawakati ovyo. Suruali ya mtu mzima huchakaa magotini na makalioni. Lakini sehemu za mapajani na chini ya magoti huwa bado imara, na kwa hizo hupatikana kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza. Kola ya shati iliyochanika hufumuliwa, ikageuzwa upande wa ndani kuwa nje, ikashonwa tena. Vifungo na zipu huwekwa katika kopo, na bitana ya koti huwa bitana ya sketi. Kipande kipya hukatwa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, la sivyo nguo hujipinda baada ya kufuliwa. Mabaki huunganishwa yakawa foronya.

Sitaki mdhani kwamba hawakupata hasara. Walichanga fedha, wakanunua robota zima la kilo 45 kwa mfanyabiashara mmoja, pasipo kulifungua kwanza. Walipolikata kamba, nusu ilikuwa makoti mazito ya baridi kali, na hapa kwetu jua ndilo jirani. Baadhi yao walilia. Hata hivyo makoti yale yalifumuliwa, yakawa vizibao vya walinzi wa usiku na vya wachungaji watokao alfajiri mwezi wa Juni na Julai. Faida haikupatikana, lakini fedha nyingi ilirudi. Tangu hapo hununua nguo mojamoja kwa kuchagua.

Najua mzee mmoja ataniuliza: "Katibu, wewe mtu wa pamba, wasifu mitumba iliyodhoofisha viwanda vyetu vya nguo?" Swali ni la haki. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani haikupendezwa, na mwaka 2018 iliiondolea Rwanda nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru; nchi nyingine zilikuwa zimekwisha kulegeza msimamo. Mambo hayo ni makubwa kupita kikao chetu. Lakini mimi siisifu mitumba, nausifu mkono. Anayefumua shati huona jinsi lilivyoungwa, na aliyekwisha kuliona huweza kulikata shati kama hilo katika kitambaa kipya. Kadhalika hujionea mwenyewe mahali fedha ya pamba inapokwenda: thamani ya shati haikukaa katika nyuzi tulizouza peke yake, bali pia katika kila mkono uliozishika baadaye. Siku tutakapopata kitambaa cha pamba yetu kwa bei tuiwezayo, yatupasa tuwe tayari na watu wa kukishona. Watu hao hawataoteshwa kwa siku moja.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mapendekezo matatu.

La kwanza: kila Chama cha Msingi kinachokubali kiruhusu ghala lake litumike kwa kazi ya kushona alasiri mbili kila juma, baada ya pamba ya mwisho kuondolewa na sakafu kufagiwa, mpaka msimu wa kununua ukaribiapo. Pasi ya mkaa isiingie ghalani kabisa. Ikae nje, chini ya mti. Moto na pamba havina undugu.

La pili: Chama Kikuu kiwakopeshe akina mama hao vyerehani kwa masharti yale yale tunayokopeshea mabomba ya kunyunyizia dawa, walipe kidogokidogo, na hesabu zisomwe mkutanoni kama hesabu nyingine.

La tatu: vijana wa kiume nao waruhusiwe kujifunza. Mafundi wengi mjini ni wanaume. Sioni kwa nini kijijini sindano iwe na jinsia.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiraka ni ufa uliozibwa mapema. Sare moja iliyogeuzwa ni deni moja lisiloandikwa katika daftari langu, na ni mtoto mmoja asiyerudishwa nyumbani siku ya kwanza ya shule. Hesabu hiyo sikufundishwa sekondari, ingawa niliibeba mgongoni muda wote niliokuwa huko.

Mwisho, kwa wale akina mama 14, ambao wengi wao wameketi mstari wa nyuma: mnisamehe kwa sentensi ile niliyoiandika. Kumbukumbu za kikao hazifutwi, nami sitaifuta. Lakini Mkutano huu ukikubali, nitaandika nyingine chini yake kwa mkono wangu mwenyewe: "Ombi limekubaliwa."

Ushirika udumu.