Umoja wa Kuvuka Mipaka Huanzia Tawini



Anayesimama ufukoni Ujiji siku ya anga safi huiona milima ya Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinagawana ziwa hili: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mipaka yake ilichorwa na wakoloni. Mvuvi wa dagaa hakuulizwa. Basi swali la siasa inayovuka mipaka si geni hapa.

Mwezi Septemba 1958, vyama vya ukombozi vya Afrika ya Mashariki na ya Kati vilikutana Mwanza vikaunda PAFMECA. Ilifanya kazi ya kuheshimiwa. Lakini wanachama wake walikuwa vyama, si watu. Mkulima wa Kasulu mwenye kadi ya TANU hakuwa na tawi la PAFMECA la kuhudhuria, wala kikao cha kumhoji kiongozi wake. Ilipofikia mwisho mwaka 1963, baada ya OAU kuzaliwa, mkulima yule hakuwa na mahali pa kutoa neno lake.

TANU na ASP, vyama vya pande mbili za bahari, vilifuata njia nyingine. Suala la kuungana lilipelekwa matawini, wanachama wakalijadili, ndipo Chama cha Mapinduzi kikazaliwa tarehe 5 Februari 1977.

Hata hivyo, kuulizwa ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kutenda. Mwana-TANU aliahidi kuamini kwamba binadamu wote ni ndugu zake na kwamba Afrika ni moja. Mwaka 1972 ahadi hiyo ilibisha hodi Kigoma, wakimbizi walipoingia kutoka Burundi. Ilibisha tena mwaka 1993, na mwaka 1996 kutoka Kongo. Azimio la mkutano mkuu halipiki ugali. Anayepika ni mwenye nyumba.

Tena Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Muha anapotiliwa shaka uraia wake kwa sababu ya lafudhi tu, mwanachama anayejua ukweli akanyamaza, amekwisha kuivunja ahadi, hata kama ada yake imelipwa yote.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, kazi ya kila mmoja ni tatu: kuhudhuria kikao cha tawi, kuhoji bila woga, na kumtetea jirani. Bila hayo, umoja wa Afrika utabaki mali ya wasafiri wa mikutano.