Tairi, Rimu na Mgongo wa Abiria

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu twaliacha mikononi mwa dereva na fundi, nalo ni tairi. Wengi tuliokaa hapa tunatia sahihi hati za matengenezo ya magari ya ofisi, ya shule na ya zahanati. Wengine wana magari yao wenyewe. Kwa hiyo habari ya tairi yatuhusu.

Kwanza historia kidogo. Aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, John Boyd Dunlop, alikuwa daktari wa mifugo huko Belfast. Alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, ili mtoto asirushwerushwe barabarani. Haja ya kwanza ya tairi la upepo, ndugu zangu, ilikuwa mwili wa aliyepanda.

Mambo hayajabadilika. Upepo uliomo ndani ya tairi ndio springi ya kwanza ya gari; springi za chuma na shokapu hufuata nyuma yake. Gurudumu likikanyaga jiwe, ubavu wa tairi hujikunja, ukameza sehemu ya kishindo. Ubavu ukiwa mfupi hauna pa kujikunjia, na kishindo hupanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Someni namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi la 205/65R15 lina upana wa milimita 205, na kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 133. Kijana akitaka gari lake lipendeze, huondoa rimu ya inchi 15 akafunga ya inchi 18 yenye tairi la 215/45R18. Ukipima kwa nje, magurudumu hayo mawili yanakaribia kulingana kabisa. Lakini ubavu sasa ni milimita 97 tu. Amelipa fedha ili apunguziwe mto wa upepo. Tena rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, na uzito huo uko chini ya springi. Gurudumu zito likisharushwa na shimo huchelewa kutulia. Katika lami laini ya mjini hasara hiyo yaweza kuvumilika. Katika changarawe ya Rulenge, au juu ya lami ya Lusahunga kwenda Rusumo ambayo malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi yameitafuna mara kwa mara, rimu hupinda na ubavu hupasuka.

Jambo la pili ni upepo. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko, kwa kawaida penye mlango wa dereva. Namba iliyo kwenye tairi lenyewe ni kikomo, si kipimo cha kila siku. Upepo ukizidi, tairi huwa gumu kama gogo na hudundadunda. Ukipungua mno, tairi hulainika kweli, lakini hupata moto na laweza kupasuka, hasa gari likiwa na mzigo na mwendo. Pimeni asubuhi, kabla gari halijatembea. Na tukumbuke kwamba yale mawimbi ya barabara za vumbi yanayotutikisa meno hufanywa na magurudumu yenyewe, yanapodunda mahali pale pale siku baada ya siku. Mwenye mwendo wa kasi anamlimia matuta atakayemfuata.

Jambo la tatu ndilo lililonisimamisha hapa. Magari mengi ya wagonjwa katika wilaya zetu za Ngara na Biharamulo ni ya aina iliyoundwa kubeba mzigo: springi nzito za mabapa, na tairi ngumu za mzigo kama zile za 7.50R16. Yakijazwa upepo wa kubebea magunia, kisha akalazwa ndani mgonjwa mmoja na muuguzi mmoja, gari halina uzito wa kuilainisha springi. Hurukaruka. Mama mwenye uchungu anayetolewa zahanati ya mbali kwenda Murgwanza au Rulenge, au kijana aliyevunjika paja, hupokea kila shimo kwa mfupa wake. Dereva ana usukani wa kushikilia na huliona shimo kabla halijafika. Aliye kwenye machela anatazama dari.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaochagua tairi ofisini, kwa bei iliyo chini kuliko zote, hatulali kwenye machela hiyo.

Basi naomba mambo matatu. Tununue tairi za kipimo alichoweka mtengenezaji wa gari, zinazofaa barabara zetu, na tusome tarehe yake: tarakimu 4 za mwisho, kwa mfano 2319, maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye meno mazuri laweza kuwa na mpira uliokwisha kukauka. Pili, kila gari la wagonjwa liwe na kipimo cha upepo, na dereva ajue kiasi cha gari lenye mgonjwa mmoja na kiasi cha gari lililojaa. Tatu, kabla ya kutia sahihi, kila mmoja wetu apande nyuma, pale penye machela, walau kilomita 10 za barabara ya vumbi. Hapo bei ataihesabu upya.