Sinigang mu nyungu ya Likasi



Kamati imeniomba niseme juu ya sinigang, supu ya uchachu ya Wafilipino. Sisi tuliofanya kazi za nyumbani kule Ghuba tuliijua jikoni, kwa wenzetu wa Ufilipino. Tangu turudi nasikia neno moja tu: “Mama, bila ile paketi ya unga haiwezekani.” Na mutu anatoa franka za samaki kununua paketi!

Paketi haiko supu. Wafilipino walipika sinigang mbele paketi haijakuwako. Uchachu wao unatoka zaidi mu sampalok, njo ukwaju. Ukikosekana, wanatia bilimbi, maembe mabichi ao mapera. Kila nyumba inafuata muti ulio karibu. Sisi hapa tuko na ngai-ngai.

Kwa watu sita, mutafute kilo moja ya thomson, mafungu mawili ya ngai-ngai, kitunguu kimoja, nyanya tatu, bamia, bilinganya, na fungu la lengalenga.

Kwanza muchemshe majani ya ngai-ngai mu maji kidogo mpaka yalegee. Muyaponde, muchuje, maji yake muweke pembeni. Kisha mu nyungu mutie litre mbili za maji. Kama mumeosha muchele, mutumie maji ya pili ya kuuosha, yanaipa supu uzito. Mutie kitunguu na nyanya, vichemke mpaka nyanya zipasuke. Hapo mutie bilinganya na bamia. Zikianza kulainika, mutie samaki na chumvi, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Dakika kumi zinatosha. Musikoroge, samaki atavunjika. Mwisho lengalenga, na yale maji ya ngai-ngai kidogo kidogo, huku munaonja. Uchachu ukutane na ulimi mbele ya chumvi.

Jambo moja la afia. Supu hii musiipike mu nyungu ya aluminiamu inayoyeyushwa kwa vyuma vya kuokota. Uchachu unakula chuma. Wachunguzi walijaribu nyungu za namna hiyo mu inchi nyingi za Afrika, kwa kuchemsha ndani maji makali, wakakuta risasi inatoka. Risasi inaharibu akili ya watoto. Mupike mu nyungu ya inox ao ya émail isiyobanduka.

Wenyewe wanakula na wali. Na bukari pia inapita vizuri.

Sasa kwa nini chama kipoteze saa juu ya supu? Juu kuna wenzetu wanaorudi mikono mitupu. Mimi boss wangu wa mwisho alibakia na mishahara yangu ya miezi minne. Mutu anashuka mu basi, jamaa inamuuliza: “Umetuletea nini?” Anainamisha kichwa. Ndugu, kile ulichojifunza jikoni hakuna boss anayeweza kukikatalia mu valizi. Kwa samaki mmoja na majani ya soko unalisha nyumba nzima, na ni kazi ya mikono yako.

Tena supu hii ni nyepesi. Mugonjwa asiyetaka bukari anaikubali. Kwa hiyo ninaomba: zamu yetu ya kutembelea wagonjwa mwezi ujao, tusiende na biskuti. Kila mumoja alete mboga moja, mimi nitaleta ngai-ngai na nyungu.