Hofu Ina Kazi Yake, Lakini Isitawale: Mazungumzo kwa Wakazi wa Burumba



Mpaka huu unajulikana mbali. Neno boda boda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa huku, wakati waendesha baiskeli walipowabeba abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Lakini riziki ya mpakani haina uhakika. Leo barabara iko wazi, kesho foleni ya malori haisogei. Leo bei ya mahindi ni nzuri, kesho amri moja kutoka mbali hubadilisha kila kitu. Penye hali kama hii, hofu na wasiwasi hupata makao, na yafaa vieleweke.

Hofu yenyewe si ugonjwa, wala si udhaifu. Mwendesha boda boda akisikia honi ya lori nyuma yake hana muda wa kuwaza. Ubongo hutoa ishara, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu, moyo hupiga kasi, misuli hukaza, na kabla hajajua alichofanya, pikipiki imeshakwepa. Hofu imemwokoa. Lori likishapita, mwili hutulia taratibu na kazi huendelea.

Wasiwasi ni jamaa wa hofu, ila wenyewe hauhitaji lori. Huhusu jambo ambalo halijatokea na huenda lisitokee kabisa. Mtu amelala kitandani, mlango umefungwa, lakini moyo wake unakwenda mbio kana kwamba hatari iko chumbani.

Eneo hili limepitia mengi ya kuleta wasiwasi. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, mpaka ulifungwa kwa wasafiri wa kawaida, na madereva wa malori wakasubiri siku nyingi Malaba ili wapimwe. Septemba 2022, Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola. Julai 2024, Kenya ilitangaza kisa chake cha kwanza cha mpox, kilichogunduliwa katika kituo cha mpakani Taita Taveta kwa msafiri aliyetoka Uganda. Kila mara, hofu kidogo ilisaidia: watu walinawa mikono na kukubali kupimwa. Hofu iliyozidi ilidhuru: dereva alitengwa kwa sababu tu ya kazi yake, na mgonjwa akajificha asije akanyooshewa kidole.

Je, wasiwasi huwa ugonjwa lini? Ni pale unapodumu kwa miezi, usipolingana na jambo lenyewe, na unapomzuia mtu kufanya kazi, kulala au kuishi na wenzake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi. Kwa hivyo anayeteseka asidhani amerogwa, au kwamba yuko peke yake.

Dalili zake hudanganya. Kichwa huuma, jasho hutoka, tumbo huvurugika, kifua hubana, usingizi hupotea. Katika kaunti yenye malaria nyingi kama Busia, ni rahisi mtu kukimbilia duka la dawa na kununua dawa za malaria tena na tena bila kupimwa. Wengine huamini wana presha au moyo mbovu. Jibu ni kwenda kupimwa. Kama ni malaria au presha, itatibiwa. Kama vipimo havionyeshi kitu na dalili zinaendelea, mgonjwa amweleze mhudumu pia kuhusu usingizi wake na mawazo yake.

Madhara makubwa ya wasiwasi huja kwa njia ya kukwepa. Mfano ni mama mchuuzi ambaye siku moja alinyang'anywa bidhaa zake mpakani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku hiyo hapiti tena kwenye kituo. Hutumia njia za panya. Kila akikwepa, moyo hutulia, na utulivu huo humfundisha kwamba kituo ni hatari kweli. Kesho yake hofu huwa kubwa zaidi. Wakati huo huo huwalipa wabebaji, hutembea usiku, na akiibiwa au kudhulumiwa hana pa kushtaki.

Mama huyo huenda hajui kwamba kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kiliwekwa ili taratibu za nchi zote mbili zimalizwe mahali pamoja. Huenda hajui pia kwamba bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zinazotoka nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila ushuru wa forodha. Mara nyingi kutojua ndiko kunakolisha hofu.

Hata hivyo, si kila hofu iko kichwani tu. Deni ni deni, na afisa anayeomba hongo ni tatizo la kweli. Jambo la kweli hutafutiwa suluhisho: deni hupangiwa malipo, dhuluma huripotiwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kutenganisha: lipi linaweza kufanyiwa kitu leo, na lipi ni mawazo yanayozunguka bila kufika popote?

Hatua ya pili ni kuutuliza mwili. Mtu avute pumzi kwa pua akihesabu hadi nne, aitoe polepole akihesabu hadi sita, arudie kwa dakika chache. Dereva apunguze miraa na kahawa, kwa maana vyote hukimbiza moyo. Chang'aa na busaa husahaulisha jioni, lakini asubuhi wasiwasi hurudi na nguvu zaidi, na nyumbani watoto huvuna ugomvi. Dawa za usingizi zisinunuliwe bila daktari.

Hatua ya tatu ni kukaribia kinachoogopwa kidogo kidogo. Mchuuzi yule aanze kwa kwenda kituoni bila mzigo, aulize tu utaratibu. Siku nyingine aende na mwenzake, wakiwa na mzigo mdogo. Hofu isiyokimbiwa hupungua yenyewe.

Hatua ya nne ni kuzungumza. Nchini Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafunza akina nyanya kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosaidiwa hivyo walipata nafuu zaidi ya waliopewa huduma ya kawaida. Burumba haikosi nyanya wenye busara, wala viongozi wa dini wanaojua kusikiliza.

Kusali na kutibiwa havipingani. Wahudumu wa afya ya jamii wanaweza kumwelekeza mtu kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Busia. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Anayetaka ushauri kwa simu anaweza kupiga 1199, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya.

Aliyefikia kuwaza kujitoa uhai asiogope kusema. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba. Mtu huyo anahitaji tiba. Asiachwe peke yake, na afikishwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Jirani anayesema hapati usingizi asiambiwe tu ajikaze. Aulizwe, "Ni nini kinachokusumbua?" kisha asikilizwe hadi amalize. Ikihitajika, asindikizwe kliniki. Watu wawili wakienda pamoja, foleni huwa fupi.